Maradhi ya Akili Hayana Chama

Katika siasa za Marekani za siku hizi, si ajabu kumsikia mfuasi wa chama kimoja akimwita mfuasi wa chama cha pili mwendawazimu. Wafuasi wa Republican na wale wa Democratic wamefarakana kiasi kwamba mara nyingi hoja haijibiwi kwa hoja. Hujibiwa kwa kumpima mtu akili kutoka mbali. Jina la maradhi, ambalo ni juu ya tabibu kulitamka baada ya kumpima mgonjwa wake, limegeuzwa fimbo ya jukwaani. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika ugomvi huu nyasi ni mgonjwa anayesikiliza nyumbani kwake na kujifunza kuwa maradhi yake ni tusi.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1964 jarida moja lililoitwa Fact liliwaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000, likiwauliza kama Seneta Barry Goldwater, mgombea urais wa chama cha Republican, alikuwa na akili timamu ya kushika madaraka hayo. Madaktari 1,189 walijibu kuwa hafai, juu ya kuwa hawakumpima. Goldwater alilishitaki jarida hilo na mahakama ikampa haki yake. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikapiga marufuku mwanachama wake kutoa hukumu juu ya akili ya kiongozi ambaye hakumpima mwenyewe. Hiyo ilikuwa busara. Tabibu anayetumia elimu yake kumpiga mpinzani wake asishangae kesho mgonjwa wa upande ule akiukimbia mlango wake.

Baadaye zamu ikawa ya chama cha pili. Mwezi Julai 1972, Seneta Thomas Eagleton wa Missouri aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa George McGovern wa chama cha Democratic. Mara ikajulikana kuwa kati ya mwaka 1960 na 1966 alilazwa hospitali mara tatu kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka kwa nasaha za kawaida, na kwamba matibabu yake yalikuwa pamoja na kupitishiwa umeme kichwani. Baada ya siku 18 alijitoa. Hata hivyo wananchi wa Missouri, ambao ndio waliomjua, walimchagua tena mwaka 1974 na 1980, na alikaa katika Seneti mpaka 1987. Lakini funzo alilolipata kila mwanasiasa kutokana na mkasa ule lilikuwa baya: ukiugua, nyamaza.

Huduma za wagonjwa nazo hazikusalimika. Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya matibabu karibu na makazi ya watu, ili wagonjwa watolewe katika mahospitali makubwa walimofungiwa kwa miaka mingi. Nia ilikuwa njema. Mahospitali yalipunguzwa kweli, lakini vituo vilivyojengwa havikutosha, na wagonjwa wengi wakaishia barabarani na magerezani. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter aliidhinisha sheria nyingine ya kuimarisha huduma hizo. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Ronald Reagan, sehemu kubwa ya sheria hiyo ilifutwa, na fedha zilizopunguzwa zikakabidhiwa majimbo. Mgonjwa hakuwa amebadilika. Aliyebadilika ni mwenye kiti.

Pamoja na hayo, hatuna budi kusema na lililo jema. Seneta Pete Domenici alikuwa Republican, na Seneta Paul Wellstone alikuwa Democratic wa mrengo wa kushoto. Hawakukubaliana katika mengi. Lakini mmoja alikuwa na binti mgonjwa wa akili na mwingine kaka, na kwa hilo walisimama pamoja. Wellstone alifariki katika ajali ya ndege mwaka 2002, lakini kazi haikufa. Mwaka 2008 Rais George W. Bush alitia saini sheria yenye majina yao, inayokataza bima zinazogharimia maradhi ya akili kuyawekea masharti magumu kuliko maradhi ya mwili. Na mwezi Februari 2023, Seneta John Fetterman wa Pennsylvania alipolazwa kwa sonona, hakujificha wala hakuondolewa. Alitibiwa wiki kadhaa akarejea kazini, na wajumbe wa vyama vyote viwili walimtakia afya njema. Kutoka Eagleton mpaka Fetterman ni miaka 51. Hiyo ni safari ndefu, lakini imepigwa hatua.

Wapo Wamarekani wanaoamini kuwa mwenye dhiki ya moyo anatosha kwenda kwa kasisi wake na jamaa zake, na kwamba kukaa na mtaalamu kuzungumzia yaliyomo nafsini ni udhaifu. Wapo wengine wanaomcheka asiyekwenda kwa mtaalamu. Sisi tunaona wote wamekosea kulifanya jambo la tiba kuwa alama ya chama. Dua haimzuii mtu kwenda kwa tabibu, na tabibu hamkatazi mtu dua.

Sisi wa visiwani tunayafahamu machungu ya mfarakano wa kisiasa, na maneno kama mwehu na kichaa si mageni katika mikutano yetu. Tunawaomba viongozi wa pande zote wayaache. Tunawakumbusha pia wahusika serikalini kuwa fedha za matibabu ya akili zisiwe kitu cha kupanda na kushuka kwa kufuata nani ameshika kiti. Na kwa jamaa wanaomficha mgonjwa chumba cha ndani kwa kuogopa ulimi wa jirani, tunasema walivyosema wazee wetu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa huyo hana chama. Ana haki ya kutibiwa, na aibu si yake.