Uchaguzi wa Programu ya Seva Upimwe kwa Mwananchi wa Bumbire

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi wa Kisiwa cha Bumbire, Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, anapohitaji huduma isiyopatikana kisiwani, safari yake huanzia majini. Huitazama hali ya Ziwa Victoria, husubiri chombo, hulipa nauli, kisha huendelea na safari ya barabara hadi ofisi au hospitali iliyo nchi kavu. Akifika na kuambiwa dirishani kwamba "mtandao unasumbua, rudi kesho", hasara yake si ya saa moja. Amepoteza siku nzima, nauli ya kwenda na kurudi, na pengine fedha ya malazi.

Mara nyingi kauli hiyo hutolewa hata pale ambapo mtandao hauna kosa lolote. Kilichosimama ni seva, yaani kompyuta kubwa inayohifadhi mifumo ya taasisi. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa taasisi kuhusu programu ya kuendeshea seva zake haupaswi kuachwa kuwa mjadala wa mafundi peke yao. Uamuzi huo unamgusa mwananchi huyu moja kwa moja.

Zamani kila mfumo ulihitaji seva yake: mfumo wa wagonjwa seva moja, kumbukumbu za watumishi nyingine, majalada ya ofisi nyingine. Nyingi kati ya seva hizo zilitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, huku zote zikila umeme na kuhitaji kupozwa. Programu ya kugawa seva iliondoa upotevu huo. Huigawa mashine moja kuwa seva pepe kadhaa, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake, mithili ya nyumba moja yenye wapangaji wengi, kila mmoja akiwa na mlango na ufunguo wake.

Faida ya mpango huo iko wazi, hasa katika Mkoa wa Kagera ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme kutoka nchi jirani ya Uganda. Mashine zikipungua, mzigo wa betri na jenereta hupungua pia. Hata hivyo, nyumba yenye wapangaji wengi ikishika moto, wote hubaki nje. Ndiyo maana uchaguzi wa programu hii unahitaji umakini mkubwa.

Mjadala huu umepata uzito mpya duniani tangu Novemba 2023, pale Broadcom ya Marekani ilipokamilisha ununuzi wa VMware, kampuni iliyotawala soko la programu hizi kwa muda mrefu. Muda mfupi baadaye, mmiliki mpya alisitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuweka utaratibu wa kulipia kwa vipindi, kwa hesabu ya viini vya prosesa, kila prosesa ikihesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama ina vichache. Toleo la bure lililotumiwa na taasisi nyingi ndogo liliondolewa Februari 2024, kisha likarejeshwa Aprili 2025. Agosti 2024, kampuni ya simu ya AT&T ilifungua shauri mahakamani New York ikidai haki ya kuendelea kupata usaidizi wa kiufundi; baadaye mwaka huo pande hizo mbili zilifikia makubaliano.

Ikiwa kampuni yenye wanasheria na fedha nyingi kiasi hicho ililazimika kwenda mahakamani, taasisi ndogo ina sababu zaidi ya kujiuliza mapema: mwenye programu akibadili masharti, tutatokaje?

Njia mbadala zipo. Hyper-V ya Microsoft huja pamoja na Windows Server na inafaa pale ambapo mifumo mingi ni ya Windows, ingawa leseni moja ya toleo la Standard huruhusu seva pepe mbili tu za Windows. Kwa upande wa programu huria, KVM imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu mwaka 2007, na juu yake imejengwa Proxmox VE ya Austria, ambayo hutumika bila ada ya leseni huku anayetaka usaidizi rasmi akilipia kwa mwaka. Mwaka 2024 Proxmox iliongezewa zana ya kuhamisha seva pepe kutoka VMware, jambo lililopunguza ugumu wa kuhama.

Hata hivyo, kukosekana kwa ada ya leseni hakumaanishi kukosekana kwa gharama. Programu huria isiyo na mtumishi anayeielewa inaweza kuwa ghali kuliko ya kulipia, kwa kuwa gharama yake hujitokeza siku ya hitilafu, fundi anaposubiriwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Vivyo hivyo, programu ya kulipia ambayo bajeti ya mwaka wa tatu haitaweza kuimudu ni deni lililoahirishwa. Hesabu sahihi ni ya miaka mitano, ikijumuisha leseni, mafunzo ya watumishi wasiopungua wawili, vifaa, umeme na gharama ya kuhama.

Kwa taasisi za umma, uamuzi huu una mipaka yake ya kisheria. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya Mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) ili kuratibu na kusimamia utekelezaji wa Serikali Mtandao pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo. Mifumo ya kitaifa, kama ule wa ununuzi wa umma, NeST, huendeshwa kwa pamoja, hivyo halmashauri haihitaji kununua seva kwa ajili yake. Swali la kwanza basi si programu ipi inunuliwe, bali ni mfumo upi unapaswa kubaki katika eneo la kazi.

Jibu la swali hilo lilionekana Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilipodhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, mfumo wa wagonjwa unaotegemea seva iliyo ng'ambo hudorora, ilhali ule ulio ndani ya hospitali huendelea kuhudumia. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti.

Zabuni nazo zieleze mahitaji, si jina la bidhaa: idadi ya seva pepe, muda unaovumilika wa huduma kusimama, namna ya kuhifadhi nakala rudufu, na utaratibu wa kuhamisha data mkataba unapokwisha. Pale ambapo seva mbili zinategemeana, kuwepo kifaa cha tatu cha kuamua ipi iendelee kuhudumia mawasiliano kati yao yanapokatika. Vinginevyo kila moja itajiona ndiyo iliyobaki hai na kumbukumbu zitavurugika. Nakala rudufu zihifadhiwe pia katika jengo tofauti, na urejeshaji wake ujaribiwe mara kwa mara, kwani nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu.

Kipo kipimo kimoja ambacho hata asiye mtaalamu anaweza kukisimamia. Kabla ya kuidhinisha ununuzi, kamati ifanye jaribio: seva moja izimwe mbele ya wajumbe, watumishi wa taasisi yenyewe, bila msaada wa muuzaji, warejeshe huduma, na dakika zihesabiwe. Programu itakayowawezesha kumaliza kazi hiyo haraka, kwa gharama ambayo bajeti itaimudu miaka yote mitano, ndiyo inayofaa, hata kama si maarufu zaidi sokoni.

Mwananchi aliyevuka ziwa asubuhi kutoka Bumbire hatauliza jina la programu hiyo. Atakachojali ni kuhudumiwa na kuwahi chombo cha kumrudisha nyumbani siku hiyo hiyo.