Tuwaache Wanafunzi Wayafasiri Mashairi

Miongoni mwa maswali ya karatasi ya fasihi ya Kiswahili ambayo watahiniwa wa shule za upili huyakimbia, lile la ushairi hutangulia. Huko Kitale na Bungoma utawasikia hata baadhi ya walimu wakidai kwamba ushairi ni mali ya watu wa pwani, na kwamba mtoto aliyezaliwa penye mahindi na miwa hawezi kuuonja utamu wake. Dai hilo hatulikubali.

Chukua mathalani Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyochapishwa mwaka 1973. Mashairi yake aliyatunga kifungoni, baina ya 1969 na 1972, baada ya kuandika waraka wa kuikosoa serikali ulioitwa Kenya: Twendapi? Mna humo shairi la ndugu wawili wanaougombea mnazi. Wahakiki wameuona mnazi ule kuwa ni nchi, na ndugu wale kuwa ni wananchi wanaonyang'anyana matunda ya uhuru. Fasiri hiyo ina nguvu. Ubaya ni kwamba mwanafunzi huipokea kutoka katika mwongozo kabla hajalisikia shairi lenyewe likisomwa kwa sauti hata mara moja.

Sasa mwache kijana wa Kitale alisome bila ya mwongozo. Huenda hajapata kuukwea mnazi maishani mwake. Lakini Trans Nzoia anaijua: mashamba ya walowezi yaliyogawanywa baada ya uhuru, hati zinazosubiriwa tangu enzi za babu, ndugu wa tumbo moja wanaoshtakiana kwa ajili ya mpaka wa nusu ekari, na wazee wanaosimulia mapigano ya 1992 yaliyowafukuza watu makwao. Atasema kwamba mnazi ule ni shamba. Je, amekosea? Mwalimu aliyeshika mwongozo atamkata alama. Sisi twaona kwamba angemwuliza kwanza: ni maneno gani ya shairi yaliyokuonyesha hivyo? Akiyataja, na hoja yake ikastahimili kuhojiwa na wenzake, apewe haki yake. Akishindwa kuyataja, basi amesimulia kisa cha kwao akakibandika juu ya shairi la mwenziwe, naye aambiwe hivyo waziwazi.

Lahaja, hatukatai, ni kikwazo. Abdilatif aliandika kwa Kimvita, na anayesoma "ndia" asijue kuwa ni njia, au "nti" asijue kuwa ni nchi, hawezi kulaumiwa. Lakini orodha fupi ya maneno ubaoni hulimaliza tatizo hilo kwa dakika kumi. Mbona tunaligeuza kuwa ukuta?

Na wale wa Bungoma wasiambiwe kwamba hawakulelewa na ushairi. Kwa Wabukusu, mzee mwenye heshima akifariki, huja mtoa kumuse, mtu aliyeidhinishwa na mila, akatembea mbele ya waombolezaji huku akitaja nasaba, akifariji na kuonya kwa mafumbo. Watu hurejea nyumbani wakibishana: ile methali ilimlenga nani? Kijana aliyewafuata nyuma akiwasikiliza baba zake wadogo wakilipasua fumbo hilo njiani amekwisha kuanza kazi ambayo darasani anaambiwa haiwezi. Hatujui kwa nini somo la fasihi simulizi hufundishwa siku moja na ushairi siku nyingine, kana kwamba hayajuani.

Mwalimu atatujibu kwamba silabasi ni ndefu, darasa limefurika, na wazazi huuliza alama tu. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 wamekuja na mtaala unaojigamba kuwa wa umilisi, na mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, umepangiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Ikiwa mwaka huo utatukuta bado tunawakaririsha vijana kwamba "toni ni ya huzuni" katika shairi ambalo hawajalisoma, tutakuwa tumebadilisha jina la mtaala tu.

Tunawaomba walimu wa pande hizo mbili kipindi kimoja kwa juma: mwongozo ubaki kabatini, mwanafunzi mmoja asome kwa sauti, na wengine wabishane wakiwa na beti mbele yao. Ijumaa alasiri inafaa, kwa kuwa saa hizo hesabu haziingii tena vichwani.