Uso Huzoeleka, Sauti Je?

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na kwa mambo mengi walisema kweli. Lakini liko kundi moja la watu ambao msemo huu haukuwahi kuwapata, nao ni wapenzi wa magari. Hawa wakiletewa kipya hulia kwanza. Kinyemi huja baadaye, na pengine kisije kabisa.

Jioni moja tulikuwa barazani tukinywa kahawa yetu chungu, wakatokea vijana wawili wakibishana. Mmoja akafungua simu yake, akatusikilizisha mngurumo wa Mercedes C63 ya zamani. Kisha akatusikilizisha ile iliyochukua nafasi yake. Alikuwapo mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, mtu asiyejua hili wala lile kuhusu magari ya Ujerumani. Tulipomwuliza aonavyo, alitua kikombe akasema: “Ile ya kwanza yanguruma. Hii yapumua tu.” Vijana wakacheka, na ugomvi ukaishia pale. Mimi niliondoka nalo neno lile, na ndilo lililonikalisha leo kuandika.

Wasomaji wapenzi, hebu tulieleze jambo lenyewe tangu chanzo chake, kwani si kila mtu ana haja na magari.

Mwishoni mwa mwaka 1982 kampuni ya Mercedes-Benz ilitoa gari dogo lililoitwa 190. Hadi siku hiyo watu walikuwa wamezoea kuwa Benz ni gari kubwa la wakubwa. Sisi Afrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kulitungia kabila zima, tukawaita wenye nalo Wabenzi. Basi wako waliolikejeli gari lile jipya, wakaliita kitoto cha Benz. Lakini kitoto kilikua. Liliuzwa karibu magari milioni 1.9, na mwaka 1993 mrithi wake akapewa jina la C-Class, jina ambalo limeendelea hadi sasa. Hili ndilo gari dogo la kifahari, lenye milango minne na buti lake nyuma, ambalo leo mtu hulikuta Nyali na hata Majengo, likiwa limeshuka bandarini baada ya kutumiwa na wengine ng’ambo.

Sasa ndani ya C-Class mna tawi linalotengenezwa na AMG. AMG ilianzishwa mwaka 1967 na mafundi wawili, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher. Herufi mbili za kwanza ni za majina yao, na ya tatu ni ya Großaspach, mji aliozaliwa Aufrecht. Kazi yao ilikuwa kuzitia injini nguvu kuliko zilivyotoka kiwandani. Mwaka 2007 walitoa C63, gari dogo lililobebeshwa injini ya silinda nane yenye ukubwa wa lita 6.2 na nguvu za farasi 457. Iliyofuata ilikuwa na injini ndogo zaidi, ya lita 4.0, lakini bado silinda zake zilikuwa nane, na nguvu zake zilifika farasi 510. Sauti ya magari hayo ilikuwa kama radi ya masika, ikisikika mtaa wa pili kabla gari halijaonekana. Waliolipenda walilipenda kwa hilo.

Mwezi wa Septemba 2022 ikatolewa C63 mpya. Kwa hesabu ya karatasi, ilikuwa imeipita ile ya kwanza kwa kila njia. Nguvu zake ni farasi 680. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa huchukua sekunde 3.4. Lakini injini yake ni ya silinda nne tu, ya lita 2.0, ikisaidiwa na mota ya umeme iliyofungwa nyuma pamoja na betri. Ni mahuluti, kama jahazi lililotiwa mashini na bado lina tanga. Na uzito wake umepita tani mbili, hali ile ya zamani haikufika huko.

Hapo ndipo kilio kilipoanza. Wapenzi walisema wameibiwa. Walisema gari limenyang’anywa moyo likapewa kikokotoo. Wengine walilalamika juu ya mambo ya ndani, kwamba vitufe vimeondolewa na kazi zote zimetiwa katika kioo kimoja kikubwa cha kugusa, hata dereva hana budi kuondoa macho njiani ili ajipunguzie joto. Lakini hayo yalikuwa manung’uniko ya pembeni. Kilio chenyewe kilikuwa juu ya silinda nne zilizopotea.

Kabla ya kuhukumu, haki yataka tumsikilize na fundi. Kampuni haikufanya hivyo kwa kupenda mchezo. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba magari mapya ya kila kampuni, yakipigiwa wastani, yasizidishe kikomo cha gramu za hewa ya kaboni kilichowekwa kwa kila kilomita. Kampuni inayozidisha hutozwa faini ya euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, tena kwa kila gari. Zidisha hesabu hiyo kwa magari mamia ya maelfu, utaona kwa nini wakubwa wa Stuttgart walikosa usingizi. Ndiyo maana C-Class yote iliyotoka mwaka 2021, si hiyo ya AMG peke yake, imetiwa injini za silinda nne. Na sheria yenyewe haikutungwa kwa uadui. Joto la dunia linazidi, na sisi watu wa pwani, ambao bahari yatusogelea mlangoni, ndio wa mwisho kuicheka.

Basi je, kilio cha wapenzi ni kelele tupu? Ili tujibu vizuri, na tutazame kilio kingine kilichotangulia miaka miwili nyuma, katika nyumba ya jirani na mshindani.

Kampuni ya BMW, tangu gari lake la 303 la mwaka 1933, huweka mbele ya magari yake matundu mawili yenye umbo la figo. Ni alama yake, kama kabila lijulikanavyo kwa chale. Kwa miongo mingi matundu hayo yalikuwa madogo na ya adabu. Septemba 2020 ilipotolewa M3 mpya, gari dogo la kifahari la mashindano, matundu yale yalikuwa yamerefuka kutoka karibu na taa hadi chini kabisa. Watu wakapiga mayowe. Wako walioyafananisha na meno ya panya, wako walioyafananisha na pua ya nguruwe. Walisema uso umeharibiwa na kwamba hakuna mwenye akili atakayenunua.

Watu walinunua. Mwaka 2023 BMW iliuza zaidi ya magari 200,000 yenye herufi M, mengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Na wale waliolia, baada ya miaka michache ya kuliona gari njiani, sauti zao zilipungua. Jicho lilizoea. Tena uso ule haukuwa pambo tupu, kwani injini yenye nguvu yataka hewa nyingi ya kupozwa. Na zaidi ya yote, nyuma ya uso mgeni kulikuwa na moyo wa zamani. Injini ilikuwa bado ya silinda sita zilizopangwa safu moja, kama wapenzi wa BMW walivyoijua tangu enzi za baba zao.

Hapa ndipo ilipo tofauti. Sisi tuliosomeshwa vyuoni tulifundishwa mapema kwamba elimu ina usuli na furuu, yaani ina mashina na matawi. Tawi likikatwa mti huchipua, shina likiguswa mti hunyauka. Mwanafunzi asiyepambanua haya mawili hugombana na kila mtu juu ya kila jambo, na akipata hoja ya kweli hapana amsikilizaye, kwa kuwa alikwisha kuwachosha watu kwa hoja za bure. Uso wa M3 ulikuwa furuu. Moyo wa C63 ulikuwa usuli. Mpenzi wa magari aliyelia kwa sauti moja juu ya yote mawili alijidhulumu mwenyewe.

Lakini ngoja, ndugu msomaji, kwani jambo hili lina mkunjo. Ni nani aliyesema kwamba silinda nne ni aibu? M3 ya kwanza kabisa, ya mwaka 1986, ambayo leo wapenzi huitaja kwa heshima kama watajavyo jina la marehemu mwema, ilikuwa ya silinda nne. Ile 190 ya Mercedes iliyotengenezwa kwa mashindano, ambayo Ayrton Senna alishindia Nürburgring mwezi wa Mei 1984, nayo ilikuwa ya silinda nne. Basi kama ni asili, asili ni nne wala si nane!

Kwa maoni yangu, wapenzi waliumwa kweli ila walikosea kuutaja ugonjwa. Walisema “silinda nane” na maradhi yako kwingine. Magari yale ya zamani ya silinda nne yalikuwa mepesi. Ukikanyaga yalikuitika, ukikata kona yalikwenda nawe. C63 mpya ina nguvu nyingi lakini imebeba mzigo mwingi, na baina ya mguu wa dereva na gurudumu pana mambo mengi yenye kufanya shauri kwanza. Kilichopotea ni mazungumzo baina ya mtu na chombo. Na lingine ni jina. Hesabu ya 63 ilitokana na ukubwa wa injini. Injini ilipokuwa lita 6.2 jina lilikuwa na maana. Ilipokuwa lita 4.0 lilikuwa kumbukumbu. Kwa injini ya lita 2.0, jina limebaki nalo mwenyewe kaondoka. Watu husamehe mengi, lakini kuuziwa jina tupu hawasamehi upesi.

Nasi watunzi tuna la kujifunza hapo. Sisi tuliokulia mikononi mwa washairi wa mji tulikuta ugomvi wa vina na mizani umepamba moto. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina, na wako wazee waliokataa hata kuyaita mashairi. Mimi ni wa upande wa wazee, sifichi. Lakini umri umenifunza kwamba suala halikuwa vina peke yake. Nimesoma mashairi yenye vina kamili yaliyokufa tangu ubeti wa kwanza, na nimesoma yasiyo na kina hata kimoja yaliyonitoa machozi. Swali ni kama pana sauti ya mtu ndani yake. Yule nahodha wetu aliuliza swali hilohilo kwa masikio yake.

Kampuni nayo imesikia. Mwaka 2025 wakuu wa AMG walieleza hadharani kwamba wanaunda injini mpya ya silinda nane. Haina maana kwamba kila gari litarudishiwa. Ina maana kwamba kilio kilichokuwa na msingi kilifika kilikotumwa.

Sasa, mtu atauliza, haya yatuhusu nini sisi wa Mombasa? Yatuhusu sana. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo ugomvi wa Ulaya wa leo hutufikia sisi ukiwa umepoa, juu ya meli, miaka kadhaa baadaye. Magari haya ya mahuluti yaliyouzwa mapya Japani na Uingereza yatashuka Kilindini muongo huu haujatimia. Mwenye kulia kwa ajili ya sauti atakuwa amekwisha kunyamaza. Sisi tutalia kwa jambo jingine. Ni nani atakayelifungua? Betri ya C63 ina umeme wa volti 400, nao ni umeme unaoua. Fundi wetu wa chini ya mwarobaini, aliyeijua injini ya 190 kama ajuavyo viganja vyake, hawezi kuutia mkono bila mafunzo na vyombo vyake. Na betri huzeeka kama mtu. Anayeinunua ikiwa na miaka minane anunua uzee wa mwenzake.

Hatukuulizwa gari liweje, na hatutaulizwa. Lakini mawili yamo mikononi mwetu. La kwanza ni kuwapeleka vijana wetu wa gereji wakasomee umeme wa magari sasa, kabla meli hazijafika. La pili ni kwa mnunuzi, asivutwe na nyota iliyo mbele ya gari akasahau kuuliza kilicho chini yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutoa fedha na aulize betri ina afya gani, ni nani mjini awezaye kuitengeneza, na kwa bei gani. Akikosa majibu, na ashukuru kwamba aliuliza.

Naagana nanyi kwa ubeti mmoja, niliouanza nikitoka barazani:

Sura ikibadilishwa, macho yataizoea,
Na vazi likirefushwa, mwili utalipokea,
Moyo unapoondoshwa, nani atavumilia?
Fundi aliyekumbushwa, chombo kitamuelea.