Amani Iliyochapwa Kwenye Fedha



Wapendwa taifa la Mungu, katika Injili ya Mathayo 22:15-22 Bwana wetu anaomba aonyeshwe sarafu ya kodi. Wataalamu wengi huitambua kuwa dinari ya fedha ya Kaisari Tiberio. Upande mmoja ina kichwa chake. Upande wa pili yupo mwanamke aliyeketi na tawi mkononi, ambaye wengi humwona kuwa ni Amani. Baadaye Kaisari Vespasiano, majeshi yake yalipokwisha kuibomoa Yerusalemu mwaka 70, alitoa dinari zenye sura ya Amani, na nyingine zenye mwanamke wa Uyahudi ameketi chini akiomboleza. Amani na kilio vilitoka katika hazina moja.

Jambo hili si geni kwetu tunaoishi kwenye njia ya misafara. Tangu 1890 ilitolewa rupia ya fedha ya Wajerumani yenye sura ya Wilhelm II, amevaa kofia ya chuma yenye tai, na cheo chake kwa Kilatini: Imperator. Mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe akafa ngomeni mwake, akiwa amezingirwa. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya kibanda. Watawala wakasema nchi imetulia.

Huo haukuwa utulivu, bali ukimya wa walioshindwa. Kristo hakuitupa sarafu ile. Aliuliza sura ni ya nani. Sura ya Kaisari imo katika fedha, lakini sura ya Mungu imo ndani ya mtu (Mwa 1:27). Anayemdhulumu mtu anaharibu chapa ya Mungu mwenyewe.

Ndugu zangu, hapa Bukene pia ukimya huitwa amani. Mjane hunyang'anywa shamba, kisha huombwa asiseme neno ili ukoo usigawanyike. Mkulima hupunjwa kwenye mizani ya mpunga, naye huambiwa asilete fujo. Kwa maoni yetu, Jumuiya Ndogo Ndogo zisiharakishe kuwashikanisha watu mikono kabla shamba halijarudishwa na kilo zilizopunjwa hazijalipwa. Nabii Isaya anafundisha kwamba amani ni tunda la haki (Isa 32:17). Nalo tunda halitangulii mti.

Tumwombe Bwana atujalie amani yake, ile ambayo hakuna mfalme awezaye kuichapa. Amina.