Faili Likigoma Kupanda

Kila anayesimamia tovuti ameusikia ushauri huu: faili likigoma kupanda, fungua php.ini, ongeza upload_max_filesize, washa seva upya. Likigoma tena, ongeza memory_limit. Likiendelea kugoma, ondoa vikomo vyote, na hilo likishindikana lipia seva kubwa zaidi. Nimeupitia hoja kwa hoja, na naomba wasomaji muupime kama mahakimu, kwa sababu wanaoumia ni watu wasiolijua hata jina la php.ini: mwombaji wa kazi anayetuma vyeti kwa simu dakika za mwisho, mwanafunzi anayewasilisha tasnifu.

Hoja ya kwanza inasema kikomo ni kimoja, nacho kimo ndani ya PHP. Ina ukweli wake: PHP isipoguswa haipokei faili linalozidi MB 2, na tovuti nyingi hukwama hapo. Lakini humo humo ndani ya PHP kuna kikomo cha pili, post_max_size, ambacho ni MB 8 na hupima ombi zima pamoja na faili lililobebwa ndani yake. Pandisha cha kwanza hadi MB 64 na uache cha pili kilivyo, faili la MB 20 litakataliwa kama jana. Mbele ya PHP mara nyingi ipo seva ya wavuti ya Nginx, na client_max_body_size yake ya kuanzia ni MB 1, yaani nusu ya ile ya PHP. Kwenye seva ya namna hiyo picha ya MB 1.5 haifiki PHP kabisa, na picha hiyo moja inatosha kuivunja hoja yote. Lori lililovuka mizani ya Vigwaza bado litapimwa Mikese.

Hoja ya pili: ukiona kosa la HTTP namba 413, yaani mzigo umezidi kiasi, PHP imekataa. Hapa ushahidi uko kinyume kabisa. PHP ikipokea ombi linalozidi post_max_size haitoi 413 yenyewe. Huandika onyo, kisha huendesha programu yako huku $_POST na $_FILES zikiwa tupu. Ndiyo maana mtu aliyejaza fomu yote huambiwa hakujaza jina lake. Faili likizidi upload_max_filesize pekee, fomu hufika salama na faili hupewa kosa namba 1. Hizo ni dalili mbili tofauti za maradhi mawili tofauti, na ushauri wetu unazitibu kwa dawa moja. Ni kweli kwamba mfumo wa Laravel hugundua fomu iliyozidi na kurudisha 413, lakini hiyo ni Laravel ikisema. Kwa kawaida 413 hutoka kwa Nginx, ambayo huandika katika logi yake ya makosa kwamba mteja alitaka kutuma mzigo mkubwa kupita kiasi. Logi zote za seva zikiwa kimya, tazama nje yake: huduma ya Cloudflare, ikiwa imesimama mbele ya seva yako, kwenye mpango wa bure huzuia ombi linalozidi MB 100, na ombi hilo halikugusa seva yako hata kidogo. Seva ya IIS ya Microsoft huongeza utata, kwani ombi likizidi baiti 30,000,000 baadhi ya matoleo yake hurudisha kosa 404.13, na fundi akaanza kutafuta ukurasa uliopotea wakati ukurasa upo.

Hoja ya tatu: pandisha vikomo hivyo kwa ini_set ndani ya programu. Haiwezekani. Mstari wa kwanza wa programu unapoanza kusomwa, PHP imeshalipokea ombi lote na kuliamulia. Wanaoshauri hivi ndio hao hao wanaoshauri kuhariri php.ini; kama ini_set ingefanya kazi, php.ini ingehaririwa kwa nini?

Hoja ya nne ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko zote: nimekagua, thamani imebadilika, basi tatizo liko kwingine. Umekagua wapi? Amri ya php -i husoma mipangilio ya laini ya amri. Kwenye Debian na Ubuntu hiyo hukaa katika folda ya cli, na ile inayohudumia tovuti hukaa katika folda ya fpm. Umemhoji shahidi ambaye hakuwapo kwenye tukio. Uliza kwa phpinfo() kupitia kivinjari, kisha ufute ukurasa huo. Hakikisha pia kwamba umeandika 64M. Ukiandika 64MB, PHP haiitambui herufi B na huisoma kama baiti 64. Kuanzia toleo la 8.2 angalau hutoa onyo. Aliyetumia .user.ini naye asubiri, maana husomwa upya kila baada ya sekunde 300, na anayejaribu baada ya dakika moja atahukumu mapema.

Hoja ya tano inadai memory_limit lazima ilizidi faili. Wanaoidai hawakuibuni, kwa sababu mwongozo wa PHP wenyewe unapendekeza iwe kubwa kuliko post_max_size. Hata hivyo faili linalopakiwa huandikwa kwenye diski, katika folda ya muda. Kumbukumbu huliwa baadaye, programu inapolifungua. Picha ya JPEG ya MB 3 yenye pikseli 6000 kwa 4000 ikifunguliwa kwa baiti nne kila pikseli hudai MB 96. Anayeona kosa la kumbukumbu hapo faili lake limeshapanda, na hana kikomo cha kupakia cha kutafuta.

Kuhusu kuondoa vikomo vyote, inatosha kusema kwamba yeyote ataweza kuijaza diski yako. Panga vikomo kutoka ndani kwenda nje: faili 50M, ombi 55M, Nginx 60m. Hivyo faili lililozidi kidogo litakataliwa na programu yako, inayojua kumweleza mtu kwa Kiswahili kilichotokea.

Imebaki seva kubwa zaidi. Hakuna kikomo hata kimoja kati ya hivi kinachosomwa kutoka kwenye RAM. Wanaoitetea huongeza kwamba watumiaji wenye mtandao wa polepole hukatika, kwa hiyo max_execution_time iongezwe. Muda huo huhesabu programu ikiendeshwa, na kwa kawaida Nginx hulipokea ombi lote kabla ya kuiamsha PHP. Faili la MB 50 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua takriban sekunde 400, na katika muda huo PHP haijaanza kuhesabu. Mtu huyo anahitaji faili likatwe vipande, kipande kikikatika kirudiwe chenyewe, kazi ambayo itifaki ya tus huifanya. Na anahitaji kujulishwa mapema. Anayetuma MB 7 kwa PHP inayokubali MB 2 huzituma zote saba kutoka kwenye kifurushi chake ndipo akataliwe, wakati mistari michache ndani ya kivinjari ingepima faili na kumwambia kabla hajatuma chochote.