Kopo Linang'aa, Lakini Injini Inapumua Wapi?

Ukienda kununua gari la mtumba Dar au Mombasa, fundi uliyemchukua atawasha injini, afungue kifuniko cha kujazia oili, kisha aweke kiganja juu ya tundu. Akihisi hewa inamsukuma kwa nguvu, au akiona moshi unatoka pu-pu-pu, anatikisa kichwa: "Hii inapumua." Biashara imeishia hapo.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu tangu tulipofanya kile kipindi cha magari, meseji haziishi: ninunue kopo gani la kunasia oili? Jamani, subirini kwanza.

Kila injini inapumua, hata mpya. Petroli na hewa zikilipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka tumboni mwa injini, pale krankishafti inapozunguka. Gesi hiyo imebeba petroli ambayo haikuungua, mvuke wa maji na ukungu wa oili. Magari ya zamani yaliitema barabarani tu. Mwaka 1961 California ikaamuru magari mapya yawekewe mfumo wa PCV, yaani gesi irudishwe kwenye injini ikaungue. Ukiwa taratibu, injini inavuta hewa kwa nguvu, valvu ya PCV inafunguka na uchafu unanyonywa. Hewa safi inaingia kwa mpira wa upande wa pili. Mfumo rahisi, na unafanya kazi vizuri.

Shida inaanza na tabo. Busti ikipanda, kule kulikokuwa na mvuto sasa kuna presha, kwa hiyo valvu ya PCV inajifunga. Gesi yote inabaki na njia moja: mpira unaopeleka kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Kiwandani walipima mpira ule kwa busti ya kiwandani. Wewe ukipandisha, gesi inaongezeka, mpira ni ule ule.

Chukua Impreza ya mdogo wangu. (Subaru kwetu haihitaji utambulisho. Colin McRae alishinda nayo Safari Rally ya 1997 na wajomba bado wanasimulia.) Injini ni EJ20, silinda zimelala, mbili kulia mbili kushoto. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande wa nje na kujaa kwenye hedi, na mpira wa kupumulia wa hedi hiyo unaanza kumeza oili badala ya gesi. Aliyemuuzia alishaweka pistoni zilizofuliwa, kufua chuma si kufua nguo, ambazo huachiwa nafasi kubwa zaidi zikiwa baridi kwa sababu zinatanuka sana. Kwa hiyo asubuhi inapumua zaidi ya kawaida. Juu ya hayo yote kijana anataka busti ya bari 1.5.

Akanunua kopo. La bluu, linang'aa, ndani tupu kama kopo la maziwa, na midomo yake myembamba kuliko kidole changu kidogo. Tukampigia mjomba video, yeye ni fundi wa malori Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kopo zuri. Sasa mmepima?"

Hatukuwa tumepima, na kwa maoni yangu hapo ndipo kila mtu angeanzia. Kopo linanasa oili tu, haliponyi ringi. Kuna kipimo cha kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda moja moja na kuona asilimia ngapi inapotea. Chini ya 10 kwa kawaida hakuna wasiwasi. Silinda zake tatu zilikuwa vizuri. Ya nne ilipoteza 24, na ukitega sikio kwenye tundu la oili unasikia hewa ikipuliza. Bari 1.5 juu ya silinda ile ingemaliza injini, na akiba yake ya miaka miwili ingekwenda nayo. Sasa inafunguliwa. Ana hasira, lakini bado ana injini.

Kama yako imepima vizuri, haya endelea. Tafuta kopo lenye vizuizi au wavu wa chuma ndani, ukungu ugonge mahali ugeuke matone. Mipira iwe na upana wa ndani wa milimita 16 hadi 19, na iwe ya kustahimili oili. Mpira wa maji utavimba na kulainika. Lete njia ya tumbo na za hedi zote mbili, kisha toa mpira wa kurudi kwenye bomba la hewa kabla ya tabo, upate mvuto kidogo.

Wengi wanapenda kuacha kopo liteme nje kwa kichujio kidogo. Gari la mashindano, sawa. La barabarani mimi nakataa. Harufu inaingia ndani ya gari, na ukungu wa oili ukitua kwenye tabo yenye moto unaweza kuwaka. Tena kwenye gari lenye kipimo cha hewa, ukiacha PCV ikinyonya huku mipira mingine iko wazi, injini inavuta hewa ambayo kompyuta haikuihesabu, na sailensa inapanda na kushuka. Mkaguzi wa MOT naye anaangalia kama vifaa vya kupunguza hewa chafu vimechezewa.

Kilichomo kwenye kopo usikirudishe kwenye injini, ni maji na petroli pamoja na oili. Na kwa sisi wa Uingereza, safari fupi za baridi zinajaza kopo uji mweupe kama mayonezi. Ukiganda kwenye mpira ulioning'inia, njia imeziba, na presha itajitafutia pa kutokea: itarusha dipstiki, au itasukuma sili ya nyuma ya krankishafti, ambayo kuibadilisha lazima giaboksi ishuke. Kwa hiyo mpira usiwe na bonde mahali popote, na kuanzia Novemba mwaga kopo kila wiki.