Sukari za Juu ya Seli na Somo la Kipindupindu

Somo la kipindupindu, kama lifundishwavyo katika shule nyingi za msingi, ni somo la amri. Nawa mikono, chemsha maji, tumia choo: mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi huitikia kwa pamoja, na kengele hulia. Hatuzipingi amri hizo, kwani zote ni za kweli. Tunalopinga ni kumwacha mtoto bila kujua sababu. Mtoto wa Matombo au Kinole huona kila siku maji ya kijito yakishuka kutoka Uluguru, maangavu na ya baridi, nayo ndiyo waliyokunywa babu zake. Amri isiyo na sababu haiwezi kushindana na ushahidi wa macho yake. Ugonjwa huu ulipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kufika hadi mkoani kwetu, haukuwauliza watu kama maji yao yalikuwa maangavu.

Basi ndugu walimu-wanafunzi, hapana budi kwanza sisi wenyewe tuielewe sababu hiyo.

Kila seli ya mwili wetu imevikwa vinyororo vya sukari, mfano wa nyasi juu ya paa. Sukari hizo si zile za dukani. Mwili huzijenga wenyewe na kuziunga moja baada ya nyingine kwa mpango maalumu. Hata makundi ya damu, A, B na O, hutofautiana kwa sukari ya nchani tu. Bakteria wa kipindupindu anapofika katika utumbo mwembamba hutoa kimeng'enya kiitwacho nyuraminidesi. Kazi yake ni kukata sukari moja, yaani asidi sialiki, kutoka katika ncha za vinyororo hivyo. Mwaka 1947 Burnet na Stone, wakifanya kazi Australia, walieleza kimeng'enya hiki na uwezo wake wa kuharibu vishikio vilivyo juu ya seli. Wapo vinyororo vyenye sukari sita, ambavyo vikikatwa moja ya nchani hubaki na tano. Na umbo hilo la sukari tano ndilo hasa sumu ya kipindupindu inalolitafuta. Sumu hiyo ina sehemu tano za kushikia, kila moja ikikamata kinyororo chake. Ikishashika, sehemu yake ya sita huingizwa ndani ya seli na kuiamrisha itoe chumvi na maji bila kukoma. Mtu mzima aliyezidiwa aweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya chuo kikuu. Kwa maoni yetu, ugumu uko katika majina, wala si katika jambo lenyewe. Mwalimu hana haja ya kutaja nyuraminidesi mbele ya watoto. Na awape mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku kucha, sindano na uzi. Kila mwanafunzi atunge mahindi manne mfululizo, kisha aning'inize harage moja katikati kwa uzi mfupi na jingine nchani. Hicho ni kinyororo cha seli. Mwenzake, akiwa ndiye bakteria, aking'oe harage la nchani tu. Halafu kiganja cha udongo wa mfinyanzi chenye tundu lililofinyangwa kwa umbo la kinyororo kilichobaki kijaribiwe: kabla ya kung'oa hakiingii, baada ya kung'oa chaingia. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mikono yake ameelewa kwamba kitu kisichoonekana katika maji maangavu kinaweza kuwa na kazi, na kwamba kuchemsha humwua mfanyakazi kabla hajaanza.

Tahadhari moja hatuwezi kuiacha. Mkoa wetu ni mkoa wa miwa, wenye viwanda vya Kilombero na Mtibwa, na mtoto asikiapo neno sukari hufikiri muwa au kikombe cha chai. Asipoelezwa vizuri, atakwenda nyumbani kusema kwamba sukari huleta kipindupindu, na siku mdogo wake akiugua mama ataogopa kutia sukari katika maji ya kumwokoa. Kosa hilo laweza kuua.

Kwa hiyo kipindi cha pili kiwe cha maji hayo. Sumu haiui seli ya utumbo wala haifungi mlango ambao glukosi na chumvi hupitia pamoja. Vikiingia hivyo viwili, maji huvifuata. Pakiti za dawa hiyo hupatikana katika zahanati, nazo ndizo bora. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Kila mwanafunzi apime mwenyewe, tena kwa kijiko cha nyumbani kwao, maana vijiko havilingani. Mwalimu na aonje kila chupa: ikiwa na chumvi kuliko machozi, imwagwe, ipimwe upya.